Mazungumzo ya Lugha: Jina la Kwanza, Jina la Mwisho

Tulikuwa tumekwisha kutengeneza mazungumzo ya juma hili juu ya hesabu na saa za Kiingereza, lakini tumeyaweka kando. Sababu yake ni barua. Mzazi mmoja wa pande za Uvira ametuandikia kurasa tatu, na mwishoni ameuliza swali ambalo limetukaa moyoni: "Mtoto wangu sasa ni nani?"

Habari yake ni hii. Kijana wake alipelekwa Uganda kwa masomo. Siku ya kuandikwa shuleni alipewa karatasi ya Kiingereza yenye nafasi tatu tupu. Ya kwanza ilisema "surname", ya pili "first name", ya tatu "middle name". Kijana hakujua Kiingereza bado, ila Kifaransa alikijua vema, naye akajisaidia kwa kile alichokijua. Alipoona "surname" akafikiri ni "surnom" ya Kifaransa, yaani jina la utani. Akaandika Umeme, jina alilopewa na wenzake uwanjani kwa ajili ya mbio zake. Penye "first name" akaandika jina lake la nyumbani, kwa kuwa ndilo litangulialo katika karatasi zetu za Kongo. Jina la ubatizo likaingia katikati. Hakuna aliyemwuliza neno. Miaka ikapita, kijana akashinda mtihani, akapewa cheti kizuri chenye mhuri, na katika cheti hicho ukoo wake umeandikwa kwa herufi kubwa: UMEME. Sasa amerudi nyumbani kutafuta nafasi ya kuendelea na masomo, na huko biro wamemwambia kwamba cheti hiki ni cha mtu mwingine.

Hatutamcheka kijana. Mtego alioangukia ni mtego wa kweli, na twajua watu wazima waliouangukia kabla yake.

"Surnom" ya Kifaransa na "surname" ya Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ni jina lililowekwa juu ya jina. Lakini ndugu hao waliachana njiani. Kwa Wafaransa neno limebaki kuwa jina la kuongezwa kwa mzaha au kwa sifa. Kwa Waingereza limegeuka kuwa jina la ukoo, lile ambalo baba humwachia mtoto pamoja na nyumba na madeni. Basi pale karatasi ya Kifaransa isemapo "nom", ya Kiingereza husema "surname", au "family name", au "last name". Pale Kifaransa kisemapo "prénom", Kiingereza husema "first name", au "forename", au "given name", maana yake jina ulilopewa. Wazee wa Uingereza walipenda kusema "Christian name", jina la Kikristu, kwa sababu lilitolewa penye maji ya ubatizo. Siku hizi biro nyingi zimeliacha neno hilo, kwa kuwa si wote wanaojaza karatasi walio Wakristu. Na neno "name" likiwa peke yake halisemi ni jina lipi. Ni jina lo lote.

Angalieni tena namna ya kuuliza. Mwingereza huyaita majina kwa mahali yanapokaa: la kwanza, la katikati, la mwisho. Kwake hilo si kosa, maana nyumbani kwake jina alilopewa mtoto hutangulia sikuzote na la ukoo hufuata. Lakini Wachina na Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, nasi katika karatasi zetu hutanguliza "nom", kisha "postnom", kisha "prénom" ya ubatizo. Anayejaza kwa kuhesabu nafasi atageuza kichwa kuwa miguu. Na ile nafasi ya katikati ina hatari yake. Waingereza huipunguza mara nyingi iwe herufi moja tu yenye nukta, na jina zima la babu likiisha kuwa herufi moja, nani atalisoma tena?

Kuna jambo zito kuliko hili. Neno "family name" ladhani kwamba watu wa nyumba moja wana jina moja. Kwetu sivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Mtoto wa kwanza ana jina la babu, wa pili la shangazi, wa tatu la mvua au la msiba uliokuwapo siku alipozaliwa. Jamaa zetu waliokimbilia nchi za Kiingereza wakati wa vita, hata waliofika Marekani, wamelionja jambo hili mbele ya meza za biro: baba ana jina moja, mama jingine, watoto watatu majina matatu, na mwandishi anauliza kwa mashaka kama kweli ni jamaa moja. Si ubaya wa mwandishi. Ni lugha yake iliyomfundisha kutafuta ukoo katika jina la mwisho, asiouone.

Hata hivyo Waingereza wenyewe hapo zamani walikuwa karibu kama sisi. Kabla ya mwaka wa 1066, Wanormandi walipovuka bahari na kuitwaa nchi, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Wakiwa watu wanne wenye jina la John katika kijiji kimoja, mmoja aliitwa John mhunzi, ndiyo "Smith"; mwingine John mshonaji, ndiyo "Taylor"; mwingine John mtengeneza mapipa, ndiyo "Cooper"; na mwana wa John akaitwa "Johnson". Watu wa Wales walisema "ap", yaani mwana wa. Ap Rhys akawa Price, na ap Hywel akawa Powell. Waskoti wana "Mac" yao, na Waayalandi "O" yao, ambayo kwa asili ni mjukuu. Kisha mashamba yakataka warithi wanaojulikana, na mfalme akataka kodi. Katika miaka ya 1377, 1379 na 1381 kodi ya kichwa ilitozwa Uingereza, na mwenye kutoza kodi hupenda sana kuandika majina. Ilipofika mwaka wa 1400 hivi, Waingereza walio wengi walikuwa wamekwisha kuwa na jina la kurithi, nalo halikuondoka hata kazi ilipoondoka. Ndiyo maana leo Taylor aweza kuwa rubani asiyejua kushika sindano.

Huko Iceland, kisiwa cha kaskazini, watu wengi hawajaufuata mtindo huo hata leo. Mtoto huchukua jina la baba yake, pengine la mama, na kuongeza neno la mwana au la binti. Kaka na dada hawafanani majina, wala hakuna anayeshuku undugu wao.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika mambo haya. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza kila paroki ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na mazishi katika kitabu. Na mwaka wa 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko wa Kanisa zima kutunza vitabu vya ndoa na ubatizo. Kitabu kile kikubwa ambacho karani wa paroki yako hukifungua kwa mikono miwili ni mtoto wa agizo hilo. Tutakirudia punde.

Sasa jina la Umeme. Neno lake la Kiingereza ni "nickname". Zamani Waingereza walisema "an eke name", na "eke" maana yake nyongeza. Kwa kusema upesi upesi, ile "n" ya neno la mbele ikarukia neno la nyuma, ikawa "a nekename", mwisho "nickname". Wasomaji wasishangae. Nasi tulifanya vivyo hivyo tulipolipokea neno la Kiarabu "kitab": tulidhani "ki" ya mwanzo ni ile ya kiti na kisu, tukasema vitabu, na Waarabu wakabaki wakitutazama.

Majina ya nyongeza yaweza kuuma kama siafu. Mfalme mmoja wa Waingereza aliyekufa mwaka wa 1016 aliitwa Æthelred, na katika lugha yao ya kale maana yake ni shauri la kiungwana. Watu wakamwongezea "Unræd", yaani pasipo shauri. William aliyeitwaa nchi mwaka wa 1066 aliitwa kwanza William Mwana-haramu, kwa kuwa mama yake hakuolewa na baba yake. Baada ya vita akaitwa William Mshindi. Mtu ni yuleyule.

Lakini "nickname" si dhihaka sikuzote. Yaweza kuwa ufupisho wa mapenzi, nao humkanganya sana mwanafunzi. William huitwa Bill, Robert huitwa Bob, Richard huitwa Dick, Margaret huitwa Peggy, na Mary huitwa Molly au Polly. Yule rais wa Marekani tuliyemjua kwa jina la Bill Clinton alizaliwa mwaka wa 1946 akiwa William Jefferson Blythe; Clinton ni jina la baba yake wa kambo. Ukimwona mtu ana Bill katika barua na William katika pasporti, usimdhanie mwongo.

Tukitaka kuyaona maneno yote haya kwa mtu mmoja, hatuna haja ya kwenda mbali, maana mtu huyo alipita katika mto wetu. Mwaka wa 1841, katika mji wa Denbigh huko Wales, alizaliwa mtoto aliyeandikwa John Rowlands, na pamoja na jina lake likaandikwa neno lile la haramu, kwa kuwa wazazi wake hawakuoana. Alilelewa katika nyumba ya maskini. Alipofika New Orleans mwaka wa 1859 aliacha jina hilo, akajichukulia la tajiri mmoja wa biashara, naye akawa Henry Stanley. Morton alijiongezea baadaye. Jina la namna hii Waingereza huliita "assumed name", jina la kujitwalia. Kisha, tangu mwaka wa 1879, alipokuwa akimfanyia kazi Leopold II na kupasua njia kando ya maporomoko ya mto, watu wa Kongo ya Chini walimpa jina la tatu: Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo halikukaa kwa mtu mmoja tu. Likahamia kwa serikali yenyewe, na wazee wetu walipomwona askari au mtoza kodi walisema Bula Matari amekuja, wakakimbilia msituni. Hilo si jina la utani la kuchekwa. Mwaka wa 1899 malkia wa Uingereza alimpa cheo cha "Sir". Alikufa mwaka wa 1904, na juu ya jiwe la kaburi lake huko Pirbright wameandika Henry Morton Stanley, na chini yake Bula Matari. Jina la John Rowlands, ambalo mama yake angelitambua, halimo.

Hapa wanafunzi washike kanuni moja. Cheo cha "Sir" hushikamana na jina la kwanza, si la ukoo. Ni "Sir Henry", wala si "Sir Stanley". Lakini "Mr" hushikamana na jina la ukoo: ni "Mr Stanley". Anayesema "Mr Henry" asema kama wasemavyo watoto wadogo.

Nafasi ya karatasi iitwayo "title" haiulizi kazi yako wala shahada yako yote. Yauliza neno la heshima linalotangulia jina. "Mr" ni ufupisho wa "mister", na "mister" ni mtoto wa "master", na hilo limetoka katika Kilatini "magister", mwalimu. Mwanamke aliyeolewa ni "Mrs", asiyeolewa ni "Miss", na tangu miaka ya 1970 "Ms" limeenea kwa mwanamke asiyetaka kuulizwa kama ana mume. Yote matatu yametoka katika "mistress", bibi mwenye nyumba. Lakini neno lenyewe zima, tahadharini nalo! Siku hizi ukimwita mke wa mwalimu wako "mistress" umemwita hawara, na maelezo ya asili ya maneno hayatakuokoa.

"Sir", kama "Monsieur" na "Monseigneur" za Kifaransa, lina mzizi wake katika Kilatini "senior", aliye mzee zaidi. Tunapomwita mtu Mzee kwa heshima tunasema jambo lilelile. "Lord" lina asili iliyotupendeza kuliko zote: katika Kiingereza cha kale lilikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate, na "lady" lilikuwa "hlæfdige", akandaye mkate. Mwenye nyumba alikuwa yule anayelinda chakula, na bibi yake yule anayekiandaa kwa mikono. Waingereza humwita Bwana wetu Yezu Kristu "Our Lord", na Bikira Maria "Our Lady", wala wengi wao hawakumbuki kwamba mna mkate ndani ya maneno hayo.

Juu ya mapadri, sisi wa Kongo hutenga: padri wa jimbo ni "Abbé", padri wa shirika ni "Père". Kiingereza hakitengi, wote ni "Father". Na jihadharini: kwa Kifaransa Askofu ni "Monseigneur", lakini kwa Kiingereza "Monsignor" mara nyingi ni padri aliyepewa heshima na Baba Mtakatifu. Ukimwandikia Askofu kwa neno hilo umemshusha ngazi. Andika "Bishop". Neno hilo na neno letu askofu ni ndugu, ingawa hawafanani uso: yote mawili yametoka katika Kigiriki "episkopos", mwangalizi, moja lilipitia kaskazini, jingine lilipitia kwa Waarabu.

Wazee wetu wanajua kwamba majina na vyeo si mchezo wa wanafunzi. Mwaka wa 1972 serikali ya Zaire iliamuru majina ya kigeni yaachwe, na majina ya ubatizo yakaondolewa katika karatasi. Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. "Monsieur" na "Madame" zikakatazwa, kila mtu akawa "citoyen", raia. Kardinali Malula alipingana na mambo ya siku zile, ikambidi kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Kuanzia mwaka wa 1990 majina ya Kikristu yalirudi katika karatasi. Lakini wako watu waliobatizwa kwa jina moja, wakasoma kwa jina jingine, wakaoa kwa la tatu, na hata leo hutembea na bahasha yenye vyeti visivyopatana. Ndugu yetu wa Uvira ajue hayuko peke yake.

Na tumkumbushe Mwenye Heri Anuarite. Binti huyo alizaliwa Wamba, na jina alilopewa nyumbani lilikuwa Nengapeta. Katika ubatizo aliitwa Alphonsine. Alipoandikwa shuleni, sista mmoja aliandika kwa kosa jina la dada yake mkubwa, Anuarite, na kosa hilo halikusahihishwa kamwe. Utawani akawa Marie-Clémentine. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa. Kanisa lilipotangaza jina lake halikuchagua moja na kutupa mengine: likaandika Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Kosa la karani limo, na jina la mama yake limo.

Basi, Baba, kwa swali lako. Nenda kwa paroko wako, umwombe cheti cha ubatizo wa kijana, ambacho kinataja jina lake, la baba na la mama, na tarehe. Utwae na cheti cha kuzaliwa cha serikali. Nakala zake umpelekee mwalimu mkuu wa shule ile ya Uganda, ukiomba kwa upole jina lisahihishwe, na umweleze jinsi kosa lilivyoingia. Habari ya "surnom" ataielewa akielezwa. Ikiwa cheti hakiwezi kuandikwa upya, kijana aape kwa maandishi mbele ya hakimu au wakili kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Katika karatasi hiyo Waingereza huandika "also known as", maana yake ajulikanaye pia kwa jina la. Asitumie "alias". Si neno baya kwa asili, ila watu wamelizoea katika habari za wezi.

Wengine mnaosafiri, fungueni pasporti kabla ya kushika kalamu. Lile lililoandikwa humo penye "nom" liende penye "surname", hata kama babu yake Mwingereza hakulijua; la ubatizo liende penye "first name" au "given name". "Postnom" iandikwe nzima, herufi kwa herufi, wala msikubali ikatwe. Na karatasi zote za nyumba moja zifuate mpango mmoja.

Hesabu na saa tutazileta juma lijalo.